Jamaa Zetu: Mimba ya Tatu ya Mke wa Mwalimu

Juma lililopita tuliwaahidi kuendelea na maneno ya akiba ya nyumba na fedha za masomo ya watoto. Leo mtuwie radhi. Maneno hayo yatangoja, kwa sababu barua moja imetufikia kutoka milima ya Kivu ya Kusini, nayo haiwezi kungoja. Mwenye kuiandika ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho mbali na njia ya magari. Hatutataja jina lake wala la kijiji chake. Tumekwisha kumjibu kwa mkono siku ile ile tuliyoipokea. Lakini twadhani kwamba nyumba nyingi zina shida iliyo ndugu ya shida yake, basi tumeona yafaa kujibu mbele ya wote.

Mwalimu atuambia hivi. Alioa miaka mitano iliyopita, arusi ya kanisani, na mahari yote ilitoka isipokuwa mbuzi mmoja. Mimba ya kwanza ya mkewe iliharibika katika mwezi wa pili. Mimba ya pili ilikwenda vema mpaka mwezi wa saba. Ndipo mama akaanza kuvimba miguu, halafu mikono na uso, hata pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni. Alisema kichwa chamwuma bila kupoa, na mbele ya macho aona kama nyota zikirukaruka. Wazee wa nyumba wakacheka: uvimbe huo, walisema, ni dalili ya mtoto wa kiume. Siku ya tatu alianguka karibu na mafiga, akatetemeka mwili mzima, akauma ulimi. Watu wakamkimbia, maana wadhani kifafa huambukiza kwa mate. Alipofikishwa hospitali juu ya kipoyi, kesho yake mchana, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mama alipona kwa shida kubwa.

Sasa ana mimba ya tatu, nayo yakaribia kutimiza miezi minne. Mama mzazi wa Mwalimu asema sababu ya misiba yote ni yule mbuzi mmoja. Shangazi asema sababu ni mbaya zaidi: mke ana neno la siri na mwanamume mwingine, na asipolitoa mbele ya jamaa, mtoto huyu naye hataona jua. Mwalimu atuuliza maswali mawili. Je, amlipe mbuzi kwanza? Na je, amwulize mkewe?

Ndugu Mwalimu, mbuzi ni deni. Ulipe, kama mtu mwaminifu alipavyo deni lake. Lakini usimtoe mbuzi kama dawa, kwa maana mbuzi hashushi damu iliyopanda. Na kuhusu swali la pili twakusihi: usimwulize mkeo neno lolote la namna hiyo, wala usimruhusu mtu mwingine amwulize.

Hapo twataka kusimama kidogo, kwa sababu desturi hiyo twaijua kwa macho yetu. Tulikuwa na umri wa miaka kumi hivi, tukitumwa kuchota maji nyumbani kwa shangazi yetu. Shangazi alikuwa katika uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Kutoka ndani tulisikia sauti za wanawake wakimwambia: Taja majina, taja, mtoto apate njia. Hakuwa na jina la kutaja. Siku ya pili, kwa kuchoka na kwa kuogopa kufa, alitaja jina la jirani mmoja wa zamani, ambaye alikuwa amehamia Kolwezi kabla shangazi hajaolewa. Mtoto hakutoka kwa jina lile. Alitolewa siku ya tatu hospitalini, mfu. Na shangazi akarudi nyumbani akivuja mkojo mchana na usiku. Alijengewa kibanda nyuma ya migomba. Aliishi humo miaka mingi, naye mume wake aliliamini jina lile mpaka kaburini.

Siku zile hatukuelewa kitu. Leo twajua kwamba kichwa cha mtoto kilikuwa kimekwama katika mifupa ya nyonga, kikabana nyama laini ya kibofu siku mbili nzima, hata nyama ile ikafa na kutoboka. Madaktari huliita jeraha hilo fistula, na mara nyingi laweza kushonwa. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alianza na shida hiyo hiyo ya akina mama: alipokuwa kijana katika hospitali ya Lemera aliona wanawake wakifikishwa wamechelewa, wengine wamekwisha kuharibika namna hiyo, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akiwa na nia ya kuwapatia akina mama mahali pazuri pa kuzalia. Vita vikamletea majeraha mengine, ulimwengu wote wayajua. Lakini kibanda cha shangazi yetu hakikuhitaji vita. Kilihitaji tu watu walioketi wakisubiri jina.

Nasi Wakristo twajua kuungama ni kwa padri, kwa hiari, na kwa siri. Si kwa shangazi, mlangoni pa chumba cha kuzalia.

Turudi sasa kwa mke wa Mwalimu. Ugonjwa uliomwangusha una jina. Ungali katika mwanzo wake huitwa pre-eklampsia. Ukifika kwenye mtetemo huitwa eklampsia, na watu wengi husema kifafa cha mimba. Si kifafa kile cha siku zote. Na hata kile hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa, basi anayekimbia akimwacha mtu chini hana udhuru. Mzizi wa ugonjwa huu uko katika kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Kwa wanawake wengine mishipa iendayo katika kondo haipanuki vema tangu miezi ya kwanza. Kondo hukosa damu ya kutosha, nalo hutoa vitu vinavyoingia katika damu ya mama na kudhuru mishipa yake kila mahali. Shinikizo la damu, ambalo wengi wenu mwaliita tansio, hupanda. Figo hupitisha ndani ya mkojo vitu visivyopasa kupita. Ini na ubongo huumia. Hakuna mtu aliyekosa hapo, si mke, si mume, wala mwenye mbuzi.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mwanzoni hauumi. Mama alima, apika, acheka, na damu yake imekwisha kupanda. Hakuna mzee, hata awe na hekima ya namna gani, awezaye kuijua kwa kumtazama. Kitambaa kile kinachofungwa mkononi na kujazwa hewa ndicho kinachojua, pamoja na kipimo cha mkojo. Wauguzi wetu husema 12 kwa 8, yaani 120 kwa 80. Baada ya juma la 20 la mimba, 14 kwa 9 ni alama ya hatari ambayo lazima mganga aijue. 16 kwa 11 ni jambo la siku ile ile, si la kesho. Kuvimba miguu peke yake jioni ni jambo la kawaida kwa wenye mimba kubwa. Lakini uso na mikono ikivimba ghafula, kichwa kikauma bila kupoa, macho yakaona ukungu au nyota, au maumivu yakashika juu ya tumbo chini ya mbavu, hapo mama afunge mzigo wake na kwenda.

Mwanamke aliyepata ugonjwa huu mara moja yumo katika hatari ya kuupata tena, kuliko wenzake. Si lazima urudi. Wengi huzaa salama mara ya pili na ya tatu. Lakini hawezi kuhesabiwa kama mama mwingine yeyote, na ndiyo sababu twasema barua hii haiwezi kungoja. Kuna dawa moja ndogo, ya bei ndogo, inayopunguza hatari hiyo: aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2011 kwa wanawake wa namna hiyo, nayo yapasa kuanzwa kabla ya juma la 20. Mkeo, Mwalimu, yuko karibu na juma la 17. Hesabu mwenyewe, wewe wafundisha hesabu. Ila msiinunue sokoni kwa mchuuzi mwenye sanduku, maana kidonge cha kawaida cha maumivu chaweza kuwa na miligramu 500. Mganga ndiye aseme kiasi, na siku ya kuanza na ya kuacha.

Shirika hilo hushauri pia kalsiyamu, gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, mahali ambapo chakula hakina ya kutosha. Muulizeni mganga vidonge. Na vikikosekana siku hiyo, msisahau sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo kila soko la pwani ya ziwa lanuka kwa ajili yao, harufu ambayo sisi binafsi twaipenda. Mtu huwala pamoja na mifupa, na kalsiyamu imo katika mifupa. Hawatoshi kuwa badala ya vidonge, lakini pamoja na sombe, lengalenga na maharagi ni chakula kinachomfaa mwenye mimba kuliko ule udongo mweupe uuzwao kwa vipande, ambao wanawake huutafuna kwa kutamani.

Sasa juu ya kipimo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mwenye mimba aonwe na wauguzi angalau mara 8, na mara ya kwanza kabla ya miezi mitatu kwisha. Wengi wetu hungoja mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa macho ya watu. Mke wa Mwalimu, hata bila ugonjwa wowote, angepaswa kupata vidonge vya chuma kwa ajili ya damu, chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vya kuzuia malaria tangu mwezi wa nne, angalau mara tatu, mwezi mmoja au zaidi kati ya mara na mara. Kwa hali yake aonwe mara nyingi zaidi ya nane, na apimwe tansio na mkojo kila mara.

Tena ahakikishe amepimwa kweli. Tumepata kuona fishi ya mama mmoja, nzuri, yenye mihuri yote. Kila mwezi mwuguzi ameandika 12 kwa 8. Tulipomwuliza mama, alisema hakuna hata siku moja aliyofungwa kitambaa mkononi. Mashine ilikuwa imeharibika, na mwuguzi aliona haya kuacha mstari mtupu. Hatumtaji wala hatumhukumu sana, kazi yake ni nzito na mshahara wake wajulikana. Lakini namba ya uongo yaweza kuua. Muulizeni kwa adabu: Mama mwuguzi, leo damu yangu ni ngapi? Kama mashine haipo, aseme haipo, nanyi mtafute kituo kilicho nayo.

Kisha safari. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba wanawake wengi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: nyumba huchelewa kukata shauri, njia huchelewesha, na hospitali yenyewe huchelewa kutoa msaada. Someni tena habari ya Mwalimu nanyi mtaziona mbili za kwanza waziwazi. Siku tatu zilipita katika kusema mtoto wa kiume. Usiku mmoja ukapita njiani. Njia hamwezi kuitengeneza kabla ya mtoto kuzaliwa. Basi mama asiingoje njia. Akiingia mwezi wa nane, au mapema zaidi mganga akisema, ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali yenye daktari wa kupasua. Hospitali kadhaa zina nyumba ya kungojea kwa ajili ya akina mama watokao mbali. Na kabla ya hapo, vijana wa kubeba kipoyi wapatikane leo kwa majina, wanane wa kupokezana, si kutafutwa usiku kwa kelele. Ndugu wawili wenye afya wawe tayari kutoa damu.

Fedha, twajua, ndiyo inayonyamazisha wengi. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ikaanzia Kinshasa. Muulizeni mkuu wa kituo chenu kama kimo katika mpango huo, na ni mambo gani hayalipwi. Mahali penye mituweli ya afya, ingieni mapema, maana haimpokei mtu aliye tayari kitandani. Pasipo na mituweli, wanawake wa likelemba waweza kukubaliana kwamba mwenye mimba ngumu apewe zamu yake kwanza.

Tena neno moja ambalo akina baba hawalipendi. Mwalimu, wewe washinda shuleni, na siku nyingine waenda mjini kufuata mshahara. Ugonjwa ukishika siku hiyo, nani atakata shauri? Katika nyumba nyingi mwanamke hawezi kutoka bila neno la mume, na mume hayupo. Sema leo, mbele ya mama yako na mbele ya shangazi, kwa sauti: Mke wangu akiona dalili, aende, asinisubiri. Na fedha za njia ziwekwe mahali anapopajua yeye.

Ikiwa mtetemo washika nyumbani, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, mwondoleeni vitu vya kumwumiza na mafiga ya moto. Msimtie kijiko kinywani, wala maji, wala dawa ya miti. Asiachwe peke yake hata kidogo, na kipoyi kitoke mara moja. Hospitalini kuna dawa ya sindano iitwayo sulfati ya magneziamu. Mwaka 2002 ilitangazwa habari ya majaribio makubwa yaliyofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ikaonekana kwamba dawa hiyo yapunguza kwa nusu hatari ya mwenye pre-eklampsia kupata mtetemo. Iko dawa nyingine za kushusha damu. Lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kwisha mpaka mtoto na kondo watoke, kwa hiyo daktari aweza kusema azae kabla ya wakati, pengine kwa kupasuliwa. Msiogope neno hilo kupita kiasi. Si kweli kwamba aliyepasuliwa hazai tena; ila mimba ifuatayo azalie hospitalini tu. Mtoto akizaliwa mdogo, afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo ilianza Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, nayo imeokoa watoto wengi wasio na mashine ya joto. Tena hata baada ya kuzaa asikimbizwe nyumbani: mtetemo waweza kushika siku kadhaa baadaye, na tansio ipimwe majuma yanayofuata.

Nawe mama, mke wa Mwalimu, ambaye pengine wasomewa maneno haya. Mume wako ametuambia kwamba huongei sana siku hizi, kwamba wafunga kikwembe juu sana ili tumbo lisionekane, na kwamba hutaki kununua hata kofia moja ya mtoto. Twaelewa. Ulimzika mmoja bila hata kumwona usoni, kwa maana ulikuwa ungali hujitambui, na hakuna aliyekuuliza jina ulilotaka kumpa. Hukukosa neno lolote. Kofia yaweza kungoja. Lakini mwambie mwuguzi kila kitu, habari ya nyota, ya pete, ya kuanguka, hata kama haulizi. Mwambie kwanza habari hiyo kabla hajaandika lolote katika fishi.

Na wewe mama yetu, uliyemzaa Mwalimu, twakuheshimu, hatuandiki haya ili kukuaibisha. Ulimwona mjukuu akirudi katika kitambaa, ukatafuta sababu, na ya mbuzi ndiyo iliyokuwa karibu. Twakuomba kazi moja iliyo kubwa kuliko hiyo: mzigo wa maji na wa kuni, usimwache mkwe wako aubebe tena. Wanawake wa jumuiya yenu ya kanisa wapeane zamu, wawili wawili, waende kwake wakiwa na ndoo, si na maswali.

Mwalimu, uliandika kwamba siku ya kipimo katika kituo chenu ni Alhamisi. Mwombe mkuu wa shule ruhusa ya siku moja, ufuatane na mkeo, wanafunzi hawatapungukiwa kwa siku moja. Andika katika karatasi: mtetemo katika mwezi wa saba, mtoto alikufa, sasa majuma 17, umpe mwuguzi mkononi, na umwombe barua ya kumpeleka kwa daktari. Kisha utuandikie tansio yake ilikuwa ngapi. Maneno ya akiba ya nyumba tutayarudia juma lijalo.